Mbwa Wasiolia

1

Harufu ya mkojo ilimpokea Osmunda Mapunda kabla wenyeji hawajampokea. Gari lilikuwa bado linajipeleka lenyewe kati ya miti ya misindano, vioo vimefungwa, ukungu wa Mufindi umeziba barabara, na tayari macho yalikuwa yanamwasha. Aliposhuka, harufu ikamkaba koo. Hilo halikumshangaza, maana banda chafu si jambo geni kwa mkaguzi. Kilichomshangaza, japo alikuwa ameambiwa, ni kimya. Banda lolote alilowahi kukagua lilimsikia kabla ya kumwona: mbwa mmoja akibweka wote hudakia, nawe utasimama getini umeziba masikio mpaka mwenye mali aje. Hapa palikuwa na mamia ya mbwa chini ya paa moja, na kilichosikika ni matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijisemea, akachukua mkoba wake.

Jumba lenyewe lilikuwa kiwanda cha chai, enzi zile watu walipokuwa bado wanachuma kwa mikono. Kilipokufa, Danstan Kiwele alikinunua na kukijaza mbwa. Biashara ilikuwa imemkubali. Mijini wazee walikuwa wanaishi peke yao juu kabisa kwenye maghorofa, na madaktari walikuwa wameanza kuwaandikia mbwa kama wanavyoandika vidonge, mbwa mmoja kwa mzee mmoja, bima inalipa. Lakini wenye maghorofa hawakutaka mbwa wanaobweka. Kiwele aliwapatia wasiobweka, na sasa wafugaji wote wa nyanda za juu walikuwa wamekaa mkao wa kula, wakisubiri kuona kama aina hiyo ya ufugaji itapata cheti. Cheti kilikuwa mikononi mwa Osmunda. Akikitoa leo, mwakani mabanda yote yatakuwa kimya kama hili.

"Mtani wangu!" Kiwele alipaza sauti kutoka mlangoni, mikono ameitanua, koti la manyoya limemjaa hadi shingoni. "Mngoni kaja mwenyewe! Si ungesema mapema, tungekubanikia mmoja?"

Osmunda alijikuta anacheka. Angefanyaje? Wahehe na Wangoni walipigana zamani, wakachoka, wakawa watani, na mtani akikutukana sharti ucheke. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa. Tena Wahehe wametaniwa tangu zamani kwamba mbwa kwao ni mboga, na Kiwele, mjanja, alikuwa amelichukua tusi hilo mwenyewe kabla halijarushwa.

"Nimekula kwangu," alimjibu. "Mngoni akialikwa na Mhehe, kwanza anachungulia chungu."

Kiwele akacheka mpaka akashika mbavu. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye koti jeupe la daktari wa mifugo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Naitwa Yusta. Mimi ni mtoto wa kaka yake."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyebuni ile tezi ya shingoni inayowanyamazisha?"

"Ndiyo mimi." Hakuringa aliposema hivyo, wala hakuona haya. Alionekana mtu ambaye kwa muda mrefu amesubiri aulizwe.

2

Walikuwa wamepanga vizimba juu ya yale matanuri marefu ya kukaushia chai, safu juu ya safu, hadi karibu na dari. Sakafu za vizimba zilikuwa za wavu wa chuma, kinyesi kipite kidondoke. Kilidondoka, ndiyo, juu ya mbwa wa safu ya chini.

Osmunda alisimama kwenye kizimba cha kwanza, damu ikamchemka. Jike la rangi ya maziwa lilikuwa limesimama juu ya wavu, na kucha zake, ambazo hakuna aliyezikata, zilikuwa zimejikunja na kuingia ndani ya nyayo. Meno yalikuwa meusi hadi kwenye fizi. Kizimba cha pili kilikuwa na mbwa mwenye mguu uliovunjika ukaunga vibaya, naye alikuwa akiukanyagia kana kwamba mguu ni wa jirani. Cha tatu, mbwa alikuwa anatafuna mkia wake mwenyewe. Aliutafuna taratibu, kama mtu anayetafuna muwa, na kila alipoinua kichwa kumtazama mgeni, kile kilichobaki cha mkia kilipunga kwa furaha.

Wote walikuwa wanapunga mikia. Safu zote, huku na huku, hadi mwisho wa jumba, mikia ilikuwa inapiga vyuma.

"Unaona wanavyokupenda?" Kiwele alisema.

"Naona kucha zimeingia nyamani. Naona huyu anajila."

"Ah, ah, mtani." Kiwele alitikisa kidole. "Unaona? Tangu lini mkaguzi anaona?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomkera Osmunda zaidi. Zamani wakaguzi walikagua kwa macho, na macho yakawa yananunulika. Penye udhia penyeza rupia, na wenye mabanda walipenyeza, hadi mkaguzi aliyezama kwenye mavi akaandika kwamba sakafu ilikuwa inang'aa. Ndipo ikaja Sheria ya Ushahidi wa Mwili. Tangu hapo mkaguzi anakatazwa kuandika alichoona au alichonusa. Anaulizwa mbwa mwenyewe, basi. Osmunda aliipenda sheria hiyo. Aliingia kazini kwa sababu yake, na ndani ya miaka michache alikuwa amefunga mabanda ambayo wenzake wa zamani waliyapita mara chungu nzima wakiwa na mifuko iliyotuna.

Alitoa kanda mbili kutoka kwenye mkoba. Mmoja aliufunga shingoni mwa jike la rangi ya maziwa. Kwa ndani ulikuwa na sindano nyembamba kuliko unywele, zilizosoma mishipa na damu ya mnyama. Mwingine aliufunga kwenye mkono wake wa kushoto. Huo uliamsha ndani ya mwili wa binadamu kile kile ambacho mwili wa mbwa unapitia. Haukuleta mawazo, maana mbwa hawazi kwa maneno. Ulileta njaa, kiu, baridi, maumivu, hofu na raha. Na sharti lake lilikuwa moja: mkaguzi aseme papo hapo kwa sauti, aseme "mimi" kwa niaba ya mnyama, kabla kichwa chake hakijaanza kubishana. Ukanda ulihifadhi sauti, na sauti hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi. Hakuna mtu angeweza kuifuta, hata yeye.

Akaubonyeza.

Hasira yote ikamtoka. Alijaribu kuishika, akatazama zile kucha makusudi, akajiambia tazama, tazama, lakini ilimponyoka. Mwili ulijaa uvuguvugu, ule wa mtoto aliyeshiba na kubebwa mgongoni. Nyayo hazikuuma. Meno hayakuuma. Dunia nzima ilikuwa nzuri, na yule mwanamke aliyepiga magoti nje ya wavu alikuwa mzuri kuliko wote.

"Mimi nimeshiba," alijisikia anasema, na machozi yakamtoka. "Mimi sina baridi. Hakuna kinachoniuma. Mimi nina furaha."

"Amina!" Kiwele alipiga makofi.

Alipouvua ukanda, hasira ilirudi na riba yake. Akahamia kwa yule mwenye mguu uliovunjika. Furaha. Akahamia kwa anayejila. Furaha, tena tamu zaidi. Kila alipovaa alitabasamu, na kila alipovua alitema mate, hivyo hivyo mpaka katikati ya safu. Hakuwa amewahi kuibiwa hivyo maishani mwake. Mtu anaweza kukunyang'anya mkoba, ukamfukuza. Hawa walikuwa wanaingia ndani ya kifua chake na kuchukua ghadhabu yenyewe, halafu wanamwachia tabasamu.

3

Jike la kahawia lilikuwa safu ya chini, kwenye kona, na watoto. Lilikuwa na nyayo mbaya kuliko za wote aliowaona. Wavu ulikuwa umekata hadi kwenye mfupa. Watoto walikuwa wakubwa kiasi cha kufumbua macho. Walilala kimya kando ya mama yao, na Osmunda alipochutama aliona mguu mdogo umetokeza chini ya kiuno cha mama.

Aliingiza mkono, akasukuma, akavuta. Mtoto alikuwa bapa na bado ana joto.

"Mama yake amemlalia," Yusta alisema polepole nyuma yake.

"Nimeona."

"Huwa inatokea."

"Mara ngapi?"

Yusta aliwainamia watoto waliobaki, akaanza kuwahesabu. Osmunda alimtazama yule mbwa, akamwona anamnusa mtoto wake aliyekufa mikononi mwa mgeni na kupunga mkia. Akaelewa. Mtoto wa mbwa akilaliwa hulia, na mama akisikia mlio hujisogeza. Huyu hakulia. Hakuwa na sababu ya kulia. Alikuwa na furaha mpaka pumzi ilipomwishia, na mama yake alikuwa na furaha juu yake.

Kiwele akachungulia juu ya bega lake. "Haya, mtani, si nilikwambia tutakubanikia? Huyo laini."

Aliusema utani ule bila ubaya wowote. Ni utani wa kila siku, mtu huusema hata kwenye msiba, na hasa kwenye msiba. Osmunda alisimama akiwa amemshika yule mtoto kifuani.

"Utani umekwisha, Kiwele."

Uso wa Kiwele ulibadilika. Mtani hanuniwi. Hilo alilijua tangu alipoanza kusema, alilijua kama anavyojua jina la baba yake, na hakuna Mngoni aliyewahi kumfungia mlango huo usoni.

"Umekasirika, mtani? Kweli?"

"Nimekasirika. Na usiniite mtani humu ndani. Ukitaka kunitania, nifuate kwetu Songea, nitakucheka hadi ulie. Hapa mimi ni mkaguzi, na wewe ni mtu mwenye mbwa wanaooza wakiwa hai."

"Wanaooza?" Sauti ya Kiwele ilipanda. "Umevaa ukanda wako, umesema kwa mdomo wako. Una furaha! Mara ngapi umesema? Sheria yenu wenyewe hiyo. Tulipokuwa na mbwa wanaolia mlitufungia, mkasema mbwa wanalia. Haya, hawalii. Sasa mnataka nini?"

Osmunda alimgeukia Yusta, maana kwa Kiwele alikuwa anaona mfanyabiashara tu, na wafanyabiashara alishawazoea.

"Na wewe, daktari. Hii ndiyo kazi uliyosomea?"

"Ndiyo," Yusta alisema. "Mimi nimekulia kwenye mabanda ya baba mdogo, mama. Walikuwa wanalia usiku na mchana. Nilikuwa silali. Nikimwomba abadilishe sakafu anasema mabanda yote yana sakafu hizi, akibadilisha yeye peke yake atafilisika, na mbwa watanunuliwa na mtu mbaya zaidi. Na ni kweli. Sasa ningefanya nini? Sakafu siwezi. Bei siwezi. Nikabadilisha nilichoweza."

"Ukabadilisha mbwa."

"Nikawaondolea maumivu! Kuna dhambi gani hapo? Wewe umeisikia ile tezi. Umewahi kuwa na furaha namna ile? Mimi sijawahi."

"Walikuwa wanalia, ukachoka," Osmunda alisema. "Aliyechoka ni wewe. Umejitibu wewe."

Yusta akafumba mdomo kama aliyezabwa kofi. Osmunda hakumwonea huruma. Kama kuna watu aliowachukia siku ile, waliongozwa na hawa wenye roho nzuri, wanaokuta mtu anaungua na kumziba mdomo kwa upole.

Aliweka yule mtoto juu ya mkoba wake, akafuta mikono.

"Nataka shahidi azinduliwe," alisema, akilionyesha jike la kahawia.

Kiwele hakuelewa. Yusta alielewa.

Kulikuwa na kifungu katika ile sheria, kifupi, ambacho wakaguzi walikijua na kukiogopa. Mkaguzi akishuku kwamba shahidi amelishwa maneno, yaani mwili wake umefundishwa kusema kisicho chake, anaruhusiwa kuchagua mnyama mmoja na kuamuru kile kinachomsemesha kizimwe. Mmoja tu. Ushahidi wake ukiwa mbaya, banda linafungwa, na wanyama wengine wote hutibiwa kwanza, wakiwa bado katika usingizi wao mtamu, ndipo nao wazinduliwe. Lakini yule mmoja hapewi dawa yoyote mpaka amalize kusema. Na mkaguzi habanduki kwenye ukanda.

"Tezi ikizimwa haiwaki tena," Yusta alisema. "Inakufa."

"Najua."

"Nyayo zake ziko hadi mfupani. Meno... Mama, ana furaha sasa hivi. Mtazame! Hakuomba kitu. Utamwambia nini akiamka? Kwamba unamtesa kwa faida ya wenzake?"

Osmunda alilitazama jike la kahawia, nalo likampungia mkia. Hilo ndilo swali, na lilikuwa la haki, na lilimkata. Angeweza kusaini cheti. Mbwa huyu angekufa siku moja hapo hapo kwenye wavu akitabasamu, na hakuna maumivu yoyote yangeongezeka duniani. Watoto wake nao vivyo hivyo, na watoto wa watoto, juu ya wavu hadi kwenye dari, bila mlio mmoja. Ni nani angelalamika? Na kwa kuwa hakuna ambaye angelalamika, ni nani angewahi tena kukata kucha, kubadili sakafu, kuwaletea maji?

"Sitamwambia kitu," alisema. "Sina cha kumwambia. Zima."

"Mchague mwingine basi. Yule mwenye mkia..."

"Zima, Yusta. Au nikuache uende nje, nizime mwenyewe?"

4

Yusta alizima. Alikuwa na kifaa kidogo kama kalamu. Alikigusisha kwenye shingo ya mbwa, nyuma ya masikio, kikalia mara moja. Kisha akarudi nyuma hadi mgongo ukagota kwenye vizimba. Osmunda alikuwa amekaa chini kwenye maji machafu, mlango wa kizimba wazi, ukanda mkononi, amejaa furaha ya kijinga.

Ilianza kwa baridi. Ule uvuguvugu ulirudi nyuma kidogo kidogo, na mahali ulipoondoka pakaingia baridi ya Mufindi, baridi ya chuma na manyoya yaliyolowa. Halafu kiu. Halafu meno, na Osmunda akaweka kiganja shavuni bila kujua. Alifikiri amejiandaa. Ndipo nyayo zikafika.

Akapiga kelele. Alisikia sauti yake ikigonga bati na kurudi, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye ukanda kuufungua, akaurudisha chini na kuukalia. Kila tundu la wavu lilikuwa linamchoma. Kiuno kilikuwa kinawaka. Hakujua mwili unaweza kuumia sehemu nyingi namna ile kwa wakati mmoja na bado ukabaki na nafasi ya kuumia zaidi.

Jike la kahawia lilikuwa limeacha kupunga mkia. Lilisimama likitetemeka, likainua mguu mmoja, likaushusha, likainua mwingine. Hapakuwa na pa kusimama. Kisha likalia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulianza mwembamba, wenye kukwaruza, koo lililosahau kazi yake, halafu ukafunguka na kulijaza jumba lote.

Kwenye vizimba vya jirani mbwa waliinua vichwa. Mikia ilisimama kidogo. Waliinamisha masikio upande huu na upande ule, wakijaribu kujua hicho ni kitu gani, na hakuna aliyeitikia, kwa sababu wengi wao hawakuwahi kukisikia.

"Mnyamazishe!" Kiwele alikuwa ameziba masikio. "Yusta, mnyamazishe bwana! Mpe dawa!"

"Akishasema," Osmunda alisema, meno yamebana. "Mpaka aseme."

Mbwa aliacha kulia mwenyewe. Kitu kingine kilikuwa kimemshika. Aliinamisha pua kwa watoto, akawanusa mmoja mmoja haraka haraka, akawarudia tena, akapekua chini ya tumbo lake, akapekua kwenye kona. Osmunda alihisi upungufu ule tumboni mwake, shimo, na hakuhitaji kuambiwa ni la nani. Watoto walikuwa wamelala kimya kama walivyo. Mmoja alikuwa karibu na kiuno chake. Alipotaka kulala, kwa maana miguu ilikuwa haifai tena, mbwa yule alisita, akajizungusha juu ya ule wavu na nyayo zake zikaacha ngozi, akamsukuma mtoto kwa pua hadi pembeni, ndipo akajishusha taratibu, mbali naye. Kila hatua ya kujizungusha ilikuwa kisu, na Osmunda alivihesabu vyote kwa mwili wake. Alikuwa analia kwa kwikwi. Hakuwa peke yake. Yusta alikuwa ameketi sakafuni, koti jeupe limeloa, anatazama.

Osmunda alinyoosha mkono. Alitaka tu kumgusa kichwani. Labda alitaka msamaha, na huo ndio upumbavu wa watu.

Mbwa alimng'ata.

Meno meusi yale yalizama kwenye kiganja na hayakuachia. Osmunda aliyasikia pande zote mbili, mkononi mwake yakiingia, na kwenye fizi zilizooza yakiuma kwa kuuma. Na pamoja nayo, kupitia ukanda, ikaja hasira. Alikuwa amezoea siku nzima ukanda kumnyang'anya hasira. Sasa ulikuwa unamletea, tena ya moto, ya moja kwa moja, isiyo na maelezo. Haikuwa yake. Yake ilikuwa na sheria ndani yake, na hoja, na Kiwele. Hii ilikuwa inasema kitu kimoja tu, na Osmunda akafungua mdomo akakisema kabla hakijapita.

"Mimi naumwa. Mimi nina baridi, nina kiu, miguu yangu imeisha. Nilikuwa na mtoto. Mimi sitaki mniguse. Sitaki! Tokeni!"

Ukanda ulilia, sauti ikawa imehifadhiwa. Meno yakaachia. Mbwa alirudi nyuma hadi mbele ya watoto wake, akawazuia kwa mwili, akanguruma.

Kiwele alikuwa ameshusha mikono kutoka masikioni. Alifungua mdomo, labda atafute neno, na neno pekee alilokuwa nalo la kumwambia Mngoni alikuwa amekatazwa. Akageuka, akatoka nje kwenye ukungu.

Yusta alikuwa tayari ana sindano ya dawa ya maumivu. Alitambaa, hakwenda kwa mbele. Alikwenda kwa pembeni, kichwa chini, na alipochoma sindano mbwa alimrarua koti hadi kwenye kiwiko. Yusta aliuacha mkono pale pale mpaka dawa ikaingia yote. Osmunda alingoja maumivu yapungue kwenye mwili wake, ndipo akavua ukanda, akafunga kiganja kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Nitakata wavu hapo chini," Yusta alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nitaweka mbao, na majani. Leo hii. Halafu kucha za wote, na meno. Itachukua miezi." Akawatazama wale waliokuwa juu, safu kwa safu, ambao mikia yao ilikuwa imeanza tena kupiga vyuma. "Halafu tuwazindue."

"Mmoja mmoja."

"Hata wakipona, mama, watajua. Miili yao itajua tulichowafanyia. Watatung'ata wote."

Osmunda alikuwa ameshika mlango wa kizimba kilichofuata, damu inadondoka kwenye kitambaa.

"Na watung'ate," alisema, akaufungua.